Tikolo Alipovuka Mpaka

Kriketi si mchezo wa Angurai. Huku Teso Kaskazini, juu kidogo ya Malaba, mtoto hujifunza kupiga chenga kwa mpira wa makaratasi uliofungwa kamba kabla hajaanza darasa la kwanza, na akifika shuleni hukuta magoli mawili ya miti, pengine na wavu wa voliboli. Gongo la kriketi huliona kwenye televisheni ya hotelini, akibahatika. Hata hivyo historia ya Steve Tikolo, mpigaji mkubwa kuliko wote waliowahi kuivalia Kenya jezi, naona inasomeka vizuri zaidi kutoka huku mpakani kuliko kutoka Nairobi. Nairobi humkumbuka hadi Machi 2011, alipocheza mechi yake ya mwisho ya Kombe la Dunia huko Kolkata, na simulizi nyingi hukomea hapo, kana kwamba mtu wa miaka 39 amekwisha kazi. Lakini mwaka 2016 Tikolo alikwenda Kampala kuwa kocha wa timu ya taifa ya Uganda, na baadaye akachukua timu ya Tanzania. Ninashikilia kwamba nusu hii ya pili ya maisha yake ndiyo inayotueleza kwa nini kriketi ya Kenya ilianguka. Vipaji tulikuwa navyo, na kwa kipindi fulani hata fedha zilikuwepo. Tulichokosa ni mahali ambapo mtu aliyeiva angeweza kuurithisha ujuzi wake kwa watoto ambao si wa nyumba yake.

Mpaka wenyewe una umri mdogo kuliko watu wanavyodhani. Hadi 1902 nchi yote kuanzia Naivasha kuja huku ilihesabiwa kuwa Uganda. Waingereza waliusogeza mstari, na Wateso wakajikuta wengine Kenya na wengine Uganda, wakiendelea kuoana na kuzikana ng'ambo zote mbili za mto Malaba. Reli iliyopita Eldoret na Malaba kwenda Tororo ilifika Kampala mwaka 1931. Kriketi nayo ilipita njia hizo hizo, kwanza na maofisa wa serikali ya kikoloni, kisha na makarani, mafundi na wafanyabiashara wenye asili ya Bara Hindi, kila jamii na klabu yake. Kwa muda mrefu mchezo haukuujali mpaka. Kombe la Dunia la kwanza, Uingereza 1975, lilichezwa na timu moja ya Afrika Mashariki iliyochanganya Wakenya, Waganda, Watanzania na Wazambia chini ya nahodha Harilal Shah wa Kenya. John Nagenda, ambaye baadaye alijulikana zaidi kama mwandishi na mshauri wa Rais Museveni, alikuwa mmoja wa warushaji. Sam Walusimbi naye alitoka Uganda. Walishindwa mechi zote tatu. Mwaka 1981 Kenya ikaamua kusimama peke yake katika Baraza la Kimataifa la Kriketi, ICC, na hapo ndipo njia zilipoanza kuachana.

Ziliachana kwa sababu iliyoanza miaka tisa kabla. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia wa Uganda, na kwa tendo hilo la dhuluma akaziua klabu zilizoubeba mchezo. Kilichobaki kilibaki shuleni: King's College Budo, Busoga College Mwiri karibu na Jinja, na shule nyingine ambako walimu waliokuwa wamecheza wenyewe waliendelea kuwafundisha wavulana kushika gongo. Kenya haikupatwa na balaa hilo. Klabu zake ziliendelea: Nairobi Gymkhana, Aga Khan, Swamibapa, Sir Ali Muslim, na Mombasa Sports Club pwani. Zilikuwa na viwanja vizuri, wachezaji wazuri na ligi yenye ushindani, na vijana Waafrika wa Nairobi waliokulia karibu na viwanja hivyo wakaingia na kung'ara. Huo ulikuwa utajiri wa kweli, na hakuna mtu mwenye akili atakayezitakia klabu hizo mkasa wa Kampala. Ila utajiri huo ulikuwa na udhaifu ambao haukuonekana kwa miaka ishirini. Mtoto aliyekulia mbali na ukuta wa klabu hakuwa na mlango wa kuingilia.

Tikolo alizaliwa Nairobi tarehe 25 Juni 1971, katika nyumba iliyokuwa tayari na wachezaji wawili, kaka zake Tom na David. Tom alikuwa nahodha wa Kenya. Steve aliichezea Swamibapa, na mwaka 1996, Kenya ilipoingia Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza kwa jina lake, alikuwa na miaka 24. Katika mechi ya kwanza kabisa, Cuttack, tarehe 18 Februari, Sachin Tendulkar aliipigia India mikimbio 127 bila kutolewa, na Tikolo akajibu kwa 65. Siku kumi na moja baadaye, mjini Pune, Kenya iliishangaza dunia: ilipata 166 tu, kisha ikawatoa West Indies wote kwa 93, Brian Lara akiwa amedakwa na Tariq Iqbal kutoka kwa mpira wa Rajab Ali baada ya kupata 8. Nahodha Maurice Odumbe alichukua wiketi 3, yaani aliwatoa wapigaji watatu, kwa mikimbio 15. Na huko Kandy, Sri Lanka walipojenga mlima wa 398, alama kubwa kuliko zote katika mechi za siku moja hadi wakati huo, Tikolo hakuinamisha kichwa. Alipiga 96. Mechi ilikuwa imekwisha kupotea kitambo, na yeye aliicheza kama ndiyo inaanza.

Innings yake kubwa zaidi, yaani zamu yake ya kupiga, kwa maoni yangu watu wengi hawakuiona. Ilikuwa fainali ya Kombe la ICC mjini Kuala Lumpur, Aprili 1997, mbele ya Bangladesh. Kenya ilipata 241, na katika hizo Tikolo peke yake alipiga 147. Yaani timu nzima iliyobaki, pamoja na mikimbio ya ziada, ilichangia chini ya mia. Mvua ikanyesha, mechi ikaingia siku ya pili, na hesabu za mvua zikawapa Bangladesh kazi ya kutafuta 166 katika ova 25, za mipira sita kila moja. Ova ya mwisho alipewa Martin Suji, na Bangladesh walihitaji 11. Mpira wake wa kwanza Khaled Mashud aliupiga ukatoka nje ya uwanja, mikimbio sita. Ikafika mpira wa mwisho kabisa, alama zikiwa sawa. Hasibul Hossain alizungusha gongo, mpira ukamgonga mguuni, wakakimbia, na Dhaka ikalipuka kwa furaha. Mwaka 2000 Bangladesh ilipewa hadhi ya kucheza mechi za Test, ngazi ya juu kabisa ya mchezo huu. Kenya, iliyoshindwa kwa mkimbio mmoja wa mguu, haijaipata hadi leo. Wapo wanaosema historia yetu yote iligeuzwa na mpira ule mmoja. Sikubaliani nao. Bangladesh ilikuwa na mamilioni ya watoto wanaocheza kila uchochoro, na hata kama Suji angeuzuia ule mkimbio, watoto hao wangebaki pale pale, na sisi tungebaki na klabu zetu za Nairobi.

Mwaka 2003 ndio unaofanya hoja hii iwe ngumu kusikika, kwa sababu ndio mwaka wa fahari. Tikolo akiwa nahodha na Sandeep Patil wa India akiwa kocha, Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia, jambo ambalo hakuna nchi nyingine isiyocheza Test imewahi kulifanya. Tarehe 24 Februari, Nairobi, Collins Obuya aliwavunja Sri Lanka kwa wiketi 5 kwa mikimbio 24. Bangladesh wakafuata, kisha Zimbabwe huko Bloemfontein. Dhidi ya Australia mjini Durban, Aasif Karim, mtu wa biashara ya bima aliyerudishwa kutoka kustaafu akiwa na miaka 39, alirusha ova 8 na mipira miwili, akachukua wiketi 3 na kutoa mikimbio 7 tu. Ricky Ponting alikuwa mmoja wa waliomwangukia. Wapinzani wetu hupenda kukumbusha kwamba New Zealand walikataa kuja Nairobi kwa hofu ya usalama, na kwamba pointi za bure zilitusaidia. Ni kweli, zilitusaidia. Lakini Sri Lanka walikuja na wakapigwa uwanjani, na pointi za bure haziwatoi watu kwa 5 na 24. Katika nusu fainali, huko huko Durban, India walipata 270, Sourav Ganguly akipiga 111 bila kutolewa. Kenya ikaishia 179, na mikimbio mingi kuliko ya wenzake wote ilikuwa ya Tikolo: 56.

Sasa itazame orodha ya wachezaji 15 waliokwenda kwenye michuano ile. Kennedy Otieno, David Obuya na Collins Obuya ni ndugu wa tumbo moja. Martin Suji na Tony Suji ni ndugu. Watano kati ya kumi na tano walitoka nyumba mbili. Ipeleke mbele miaka minane, hadi kikosi cha 2011: David na Collins Obuya wapo bado, na wamejiunga nao Nehemiah Odhiambo, Shem Ngoche na James Ngoche, ambao nao ni ndugu. Tena watano kati ya kumi na tano, tena nyumba mbili. Hapo kabla kulikuwa na Tikolo watatu na Odumbe wawili. Mtu anaweza kuliona hili kama sifa, na kwa familia zenyewe ni sifa kubwa: akina mama wa nyumba hizo walilea timu ya taifa jikoni mwao. Lakini kwa nchi ya watu waliokaribia milioni 40 wakati ule, ni dalili ya ugonjwa. Kaka alimfundisha mdogo wake kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kumfundisha, na mdogo alijifunza kwa kuwa gongo lilikuwa nyumbani. Ujuzi ulipita kwa damu kama uganga. Hakuna hata mmoja wa vijana hao aliyefika kwa sababu shule ya Butula, ya Kakamega au ya Angurai ilimwona akirusha jiwe vizuri ikamweka mikononi mwa mwalimu wa kriketi.

Atatokea mtu aseme kwamba kilichoiua kriketi ya Kenya kinajulikana na hakihitaji nadharia: ni uongozi mbaya. Hoja hiyo ina ushahidi mwingi. Baada ya 2003 Kenya ilipewa mechi chache mno na mataifa makubwa. Agosti 2004 ICC ilimfungia Maurice Odumbe miaka mitano baada ya kumkuta na hatia ya kupokea fedha kutoka kwa mtu wa kamari. Wachezaji wakagoma kwa ajili ya malipo, Tikolo akiwa miongoni mwao. Chama cha zamani kikasambaratika, na Cricket Kenya kikaundwa mwaka 2005. Kombe la Dunia la 2011 Kenya ilishindwa mechi zote sita, na faraja pekee ya kukumbukwa ikawa Collins Obuya akiwapigia Australia 98 bila kutolewa mjini Bangalore. Januari 2014 hadhi ya kucheza mechi rasmi za siku moja ikapotea. Yote hayo yalitokea na siyapunguzi. Lakini uongozi mbaya ni wa kawaida katika michezo ya Afrika Mashariki. Kandanda yetu imewahi kufungiwa na FIFA na watoto hawakuacha kucheza hata siku moja, kwa sababu kandanda ina mizizi kila kijiji. Mti wenye mizizi hustahimili kiangazi. Kriketi ya Kenya ilipokosa maji kwa miaka miwili ilinyauka, na hilo linatuambia kitu kuhusu kina cha mizizi yake kabla ya kutuambia kuhusu mwenye bustani.

Tikolo alimaliza akiwa amecheza Makombe ya Dunia matano, mechi rasmi za siku moja zaidi ya 130, mikimbio zaidi ya 3,400 na wiketi zaidi ya 90. Hakuna Mkenya mwingine mwenye hesabu hiyo. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa, na kwa kawaida ya ngoma zetu mcheza kwao hutuzwa akiwa bado uwanjani, kisha watoto humzunguka wajifunze mguu wake unavyokwenda. Kumzunguka huko ndiko kulikokosekana. Kwa mchezaji wa kriketi aliyestaafu Kenya, kazi za ualimu wa mchezo zilikuwa zimebanana juu kabisa, kwenye timu ya taifa: kiti kimoja cha kukaliwa kwa zamu na wale wale waliocheza pamoja. Thomas Odoyo alikikalia, akakiacha Februari 2018 baada ya Kenya kushuka daraja huko Namibia, siku ambazo nahodha na mwenyekiti nao waliondoka. Maurice Odumbe akakipokea mwaka huo huo. David Obuya na Lameck Onyango nao walifika zamu zao. Chini ya kiti hicho palikuwa patupu. Hapakuwa na shule mia zenye timu ambazo mtu kama Tikolo angezitembelea, wala kituo cha mkoa wa Magharibi ambacho angekipa jina lake.

Upande wa pili wa mto palikuwa na kitu cha kushika. Wachezaji wa Uganda hupikwa na shule, na Wiki ya Kriketi ya Shule ni tukio ambalo vijana hulisubiri mwaka mzima. Martin Suji, yule yule wa ova ya mwisho ya Kuala Lumpur, alikuwa ametangulia: aliifundisha Uganda, kisha akaifundisha Rwanda, nchi iliyojenga uwanja mzuri wa kriketi Gahanga na kuufungua mwaka 2017. Tikolo alifuata 2016. Mwanzo haukuwa mtamu. Mei 2017 Uganda iliandaa michuano ya Daraja la Tatu la dunia nyumbani Kampala, ikashuka. Mwaka uliofuata kocha akawapeleka vijana wake Malaysia kwenye Daraja la Nne, nchi ile ile alikopiga 147 na kuondoka mikono mitupu miaka 21 kabla, na safari hii timu yake ikatwaa ubingwa na kupanda. Novemba 2018 Daraja la Tatu likachezwa Oman, na katika jedwali moja, ngazi moja, zikasimama Uganda iliyokuwa imepanda na Kenya iliyokuwa imeshuka. Miaka kumi na mitano ilikuwa imepita tangu nusu fainali ya Durban, na nahodha wa siku ile alikuwa kwenye benchi la jirani.

Hapa panakuja pingamizi zito, na ni haki lisikilizwe lote. Tikolo hakuifikisha Uganda kwenye Kombe la Dunia. Mei 2019, mchujo wa Afrika wa mechi za ova 20 ulipochezwa Kampala kwenyewe, waliofuzu kwenda hatua iliyofuata walikuwa Namibia na Kenya. Uganda ilibaki nyumbani. Ilipofuzu hatimaye, Novemba 2023 huko Windhoek, baada ya kuipiga Zimbabwe njiani, yeye alikuwa ameondoka zamani, na katika Kombe la Dunia la 2024 kocha alikuwa Abhay Sharma wa India. Tena kikosi kilikuwa na wachezaji kadhaa waliokulia kriketi India na Pakistan kabla ya kuhamia Uganda, kama Alpesh Ramjani, Dinesh Nakrani na Riazat Ali Shah. Mtu atauliza: urithi wa Tikolo uko wapi hapo, na shule zako ziko wapi?

Jibu langu ni kwamba kocha hupimwa kama fundi wa msingi anavyopimwa, kwa kile ambacho wengine waliweza kujenga juu yake bila kubomoa. Brian Masaba aliyekuwa nahodha 2024, Roger Mukasa, Henry Ssenyondo na Frank Nsubuga hawakuanza mwaka ule. Ndio waliokuwa uti wa mgongo wa Uganda miaka ya Tikolo. Mtazame Nsubuga peke yake. Alianza kucheza michuano ya kimataifa akiwa na miaka 16 katika timu ya Afrika Mashariki na Kati, na michuano yenyewe ilikuwa ile ile ya Malaysia 1997. Juni 2024, huko Guyana, akiwa na miaka 43, alirusha mipira 24 dhidi ya Papua New Guinea. Hakuwa na kasi. Aliuachia mpira taratibu, mahali pale pale, mara baada ya mara, na wapigaji wenye nusu ya umri wake wakashindwa kuuondoa. Ova mbili kati ya nne hazikutoa mkimbio wowote. Jumla alitoa 4 na kuchukua wiketi 2. Siku hiyo hakuna mtu aliyekuwa amewahi kurusha ova nne katika Kombe la Dunia la ova 20 na kutoa kidogo hivyo. Papua New Guinea walitoka kwa 77, Uganda ikazifikia kwa wiketi tatu mkononi, ukawa ushindi wake wa kwanza katika Kombe la Dunia. Na Riazat Ali Shah ndiye aliyepiga 33 za kuiokoa. Wageni wale walikuta timu ya kuingia, yenye wenyeji waliokwisha kupikwa. Kenya nayo haikuwahi kukosa wachezaji wenye asili ya Kihindi. Karim, Hitesh Modi na Ravindu Shah walikuwepo 2003. Kwa hiyo mchanganyiko si tofauti kati ya nchi hizi mbili. Baada ya Durban, Kenya haikuwa na vijana wa kutosha wa kushika mikoba. Uganda ikaja kuwa nao.

Wapo pia wanaonung'unika kwamba Tikolo alifuata mshahara, na kwamba mzalendo angebaki. Huku mpakani neno hilo halina uzito. Hapa ndipo biashara ya boda boda ilipozaliwa, kwa vijana wa baiskeli waliovusha abiria kutoka kizuizi kimoja hadi kingine huku wakiita jina la kazi yao, na hakuna aliyewahi kuwaita wasaliti kwa kumfikisha mtu Uganda. Mwalimu wa Angurai akipata kazi Tororo huenda, na Jumamosi hurudi. Februari 2018 marais wa nchi zote mbili walifungua kituo cha pamoja cha mpaka mjini Busia ili mtu na mzigo vipite kwa ukaguzi mmoja. Kama tumekubali kwamba mahindi na saruji vivuke bila lawama, ujuzi wa mtu aliyeutafuta kwa miaka ishirini una haki hiyo hiyo. Tena mchezaji wa kulipwa ana miaka michache ya mwili wake na mingi ya kichwa chake. Tikolo alikuwa amewahi kwenda kucheza Afrika Kusini tulipomshangilia kwa kutuwakilisha. Hakubadilika alipokwenda Kampala na Dar es Salaam. Kilichobadilika ni kwamba safari hii aliondoka na kitu ambacho sisi hatukujua kukitumia.

Pingamizi la mwisho ni la karibu zaidi: kwamba watu wa Angurai wana shida nyingi kabla ya kriketi, na mchezo wenyewe ni ghali na wa watu wa mjini. Ghali ni kweli kwa kiasi. Mpira wa ngozi haushonwi kwa makaratasi, na pedi za miguu haziokotwi. Lakini kinachohitajika shuleni ili kuanza ni ukanda wa saruji wa takriban mita 20, mkeka wa makumbi au wa plastiki wa kuufunika, magongo machache na mwalimu mmoja aliyefundishwa. Saruji hupita Malaba kwa malori kila siku. Kutoka hapa, Kampala ni karibu nusu ya umbali wa Nairobi, na Jinja, penye shule zinazocheza, iko karibu zaidi. Mtoto wa Kiteso aliyezaliwa kilomita chache magharibi ya mto ana nafasi ya kukutana na mchezo huu darasani. Wa upande huu, mwenye lugha ile ile na mkono ule ule, hana, na sababu si umaskini wa kijiji chake kuliko kile cha ng'ambo.

Wanaume waliocheza Durban bado wapo na wengi bado wanafundisha, mahali popote wanapoitwa. Cricket Kenya na kaunti za Magharibi ziwaite kabla magoti yao hayajachoka, si kwa ajili ya kile kiti kimoja cha timu ya taifa, bali kwa shule za sekondari za Busia, Bungoma na Kakamega, kwa mkataba na mshahara wa kueleweka. Tangu tarehe 20 Machi 2011, Tikolo alipotoka uwanjani Kolkata, timu ya wanaume ya Kenya haijarudi tena kwenye Kombe la Dunia la kriketi.